Mbwa, ngurumo na deni la miaka 50

Usiku wa kuamkia Januari mosi, wakati watu wanahesabu sekunde na jirani anawasha fataki, mbwa wengi huwa wamejibana chini ya kitanda. Wanatetemeka, wanahema, mate yanawatoka. Wengine huruka ukuta na kupotea kabisa. Kumbuka kwamba sikio la mbwa hunasa sauti za hadi takriban hezi 45,000, wakati la kwako linaishia kwenye 20,000 hivi.

Ukiuliza ufanye nini, utapewa ushauri wa aina tatu: mpuuze, mkaripie anyamaze, au mzoeshe kwa kumgongea sufuria masikioni. Ushauri wote huo una kasoro. Kujua kwa nini, inabidi turudi nyuma miaka 100.

Mafuriko ya Leningrad

Ivan Pavlov unamfahamu: yule Mrusi ambaye mbwa wake walidondokwa mate kwa kusikia tu sauti iliyozoeleka kuja kabla ya chakula. Sehemu ya pili ya hadithi yake husimuliwa mara chache. Septemba 23, 1924, mto Neva ulifurika mjini Leningrad. Maji yaliingia kwenye mabanda ya mbwa wa maabara huku dhoruba ikivuma, na wasaidizi wakalazimika kuwaogelesha wanyama hadi jengo kuu.

Mbwa waliokolewa, lakini baadhi yao hawakuwa walewale tena. Walichojifunza kwa miezi kadhaa kilivurugika. Baadaye, mmoja wao alipoonekana kupona, watafiti waliruhusu maji kidogo tu yapenye chini ya mlango wa chumba chake. Akavurugika upya. Wahenga walishasema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu kubwa haihitaji tukio zima kurudi. Dalili moja inatosha. Ndiyo maana kuna mbwa wanaoanza kutetemeka upepo ukibadilika tu, kabla hata ya radi yenyewe.

Nyundo na sungura

Miaka minne kabla ya mafuriko hayo, huko Marekani, John Watson na Rosalie Rayner wa Johns Hopkins walikuwa wameuliza swali lingine: je, hofu inaweza kufundishwa? Walimchukua mtoto wa miezi 11 hivi, waliyemwita Albert, wakamwonyesha panya mweupe. Kila alipomgusa, waligonga chuma kwa nyundo nyuma yake. Baada ya mara chache mtoto akamwogopa panya, kisha hata sungura. Aliondoka hospitalini bila mtu yeyote kumwondolea hofu hiyo.

Aliyegeuza mambo ni mwanamke ambaye vitabu vingi vinampa mistari miwili tu: Mary Cover Jones. Mwaka 1924 alichapisha habari za Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeogopa sungura. Jones alimpa Peter chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali, ndani ya tundu. Siku baada ya siku tundu likasogezwa. Mwishowe Peter akawa anamshika sungura kwa mkono wake. Yaani mlango uleule ulioingiza hofu, wa kuhusianisha jambo na jambo, ndio uliotumika kuitoa.

Paka wa Johannesburg

Hatua iliyofuata ilitokea hapa hapa Afrika. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alikuwa ametibu askari walioathirika kiakili na Vita vya Pili vya Dunia, na matibabu ya wakati ule hayakumridhisha. Akafanya majaribio ya paka katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Paka walipigwa shoti ya umeme ndani ya tundu mpaka wakakataa kula humo, hata wakiwa na njaa. Kisha akaanza kuwalisha kwenye vyumba visivyofanana na kile cha maabara, akasogea polepole hadi wakala ndani ya tundu lenyewe. Kitabu chake cha 1958 kikawa msingi wa tiba ya hofu kwa binadamu.

Kanuni yake ni nyepesi: usipande ngazi inayofuata mpaka mgonjwa atulie kwenye ngazi aliyopo. Sasa unaona tatizo la yule anayegonga sufuria? Ameanzia juu ya ngazi. Hamzoeshi mbwa, anarudia kazi ya nyundo ya Watson.

Zamu ya mbwa

Mbwa walitoa nusu ya maarifa haya, lakini wakasubiri kwa muda mrefu sana. Ni mwaka 1974 ambapo David Tuber, David Hothersall na daktari wa mifugo Victoria Voith walichapisha makala katika jarida la American Psychologist, wakieleza jinsi walivyomtibu mbwa aliyeogopa radi. Walitumia ngurumo zilizorekodiwa, sauti ikianzia chini na kupanda kidogo kidogo huku mbwa akizawadiwa kwa utulivu. Tangu Peter na sungura wake, ilikuwa imepita miaka 50.

Rekodi zina mipaka, kwa sababu hazina mwanga wala mtikisiko wa radi halisi. Stefanie Riemer wa Bern alipowauliza zaidi ya wamiliki 1,200 kuhusu fataki, katika utafiti wa 2020, asilimia 55 hivi ya waliotumia rekodi walisema zilisaidia. Waliompa mbwa chakula kitamu au mchezo mara tu baada ya kila mlipuko halisi, zaidi ya asilimia 70 waliona nafuu. Na dawa zipo: Marekani iliidhinisha jeli ya dexmedetomidine, inayowekwa kati ya shavu na fizi. Hilo ni la daktari wa mifugo, usijaribu dawa za binadamu.

Vipi kuhusu kumbembeleza? Wengi wanaamini kwamba ukimkumbatia unamlipa kwa kuogopa. Lakini hofu ni hisia, si mchezo anaoufanya ili apate mnofu. Akija kwako, mpokee. Funga madirisha, washa redio, mfungulie pale anapopenda kujificha, usimfunge mnyororo nje. Na mazoezi ya ngazi yaanze miezi kadhaa kabla ya msimu wa fataki au masika, wakati kuna utulivu.

Albert hakuulizwa kama anakubali, wala paka wa Johannesburg, wala mbwa wa Leningrad. Majaribio mengi kati ya haya leo yasingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili. Maarifa tunayo tayari, na bei yake ilishalipwa na wengine. Kumwacha mbwa atetemeke peke yake ni kuyafanya mateso yao yawe ya bure.