Watoto wa Ushirombo

Atakaye kujua jinsi imani ilivyofika huku kwetu na atazame kwanza Ushirombo, katika nchi ya Wasumbwa, ambako Mapadre Weupe walifungua misheni mwaka 1891. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Mapadre wakawapokea watoto waliokombolewa, wa makabila mbalimbali, wengine wasijue hata kwao ni wapi. Mtu asiye na ukoo alihesabiwa si kitu. Walakini katika hao walitoka Wakristo wa kwanza wa misheni. Neno hili latugusa kuliko hesabu ya makanisa yaliyojengwa.

Baadaye dhahabu ya Bulyanhulu ikaleta wageni wengine, nao wachimbaji wadogo walikuwa maelfu hata walipoondoshwa mwaka 1996. Wengine wakazidi kuja katika vijiji vya jirani. Sisi walimu wa dini, tusifiche, tuliwaita wahuni, mpaka tulipokwenda kumzika mmoja wao. Wenzake, watu wa mbali wasio wa ukoo mmoja, walikuwa wamekwisha kuchanga sanda, jeneza na nauli ya mjane, kabla sisi hatujapata habari ya msiba.