Litowa: Shule ya msingi ambayo jembe halikuwa adhabu

Na Mwandishi Wetu

UKITAJA Elimu ya Kujitegemea mbele ya mzazi aliyesoma shule ya msingi katika miaka ya 1970 au 1980, mara nyingi atakumbuka jembe, ufagio na ndoo ya maji. Huenda akaongeza kuwa shamba la shule ndiko alikopelekwa mwanafunzi aliyechelewa namba.

Ni wachache wanaofahamu kuwa kabla sera hiyo haijatangazwa Machi 1967, ilikuwapo shule ya msingi mkoani Ruvuma iliyokuwa tayari ikifundisha kwa vitendo, na ambayo watoto wake walishika jembe kwa sababu nyingine kabisa. Shule hiyo ni ya kijiji cha Litowa, Songea.

Kwa kuwa mtaala mpya wa elimu ulioanza kutekelezwa nchini Januari 2024 unasisitiza tena stadi na vitendo, historia ya Litowa ina somo kwa wazazi na walimu wa leo.

Kijiji kilivyoanza

Litowa ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, ambao waliamua kuishi na kulima kwa pamoja. Jaribio la kwanza lilishindikana kwa sababu ya upungufu wa chakula, lakini walirudi na kuanza upya.

Vijiji vingine vilifuata mfano huo na kuungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichofahamika zaidi kwa kifupi chake cha Kiingereza, RDA. Hadi kufikia mwaka 1969 vijiji wanachama vilikuwa 17. Wanachama walimiliki kwa pamoja mashine ya kusaga nafaka na kiwanda cha kupasua mbao, na maamuzi yalifanywa katika mikutano ya wanakijiji wenyewe. Mshauri wao, Mwingereza Ralph Ibbott, alihamia Litowa pamoja na familia yake mwaka 1963.

Masomo shambani na darasani

Shule ya msingi ya kijiji hicho iliongozwa na Mwalimu Suleman Toroka, ambaye baadaye alieleza jaribio la Litowa katika Mbioni, jarida la Chuo cha Kivukoni. Ilipokea pia watoto kutoka vijiji vingine vya umoja huo.

Wanafunzi walilima sehemu ya chakula chao na kushiriki kazi za kijiji, huku walimu wakifanya kazi bega kwa bega nao. Lengo la masomo lilikuwa kumwandaa mtoto kuishi na kuleta mabadiliko kijijini kwake, badala ya kumtayarisha kwa mtihani wa kuingia sekondari ambao wengi wasingeufaulu.

Kazi ya shamba inakuwa somo pale inapoambatana na maswali. Kupima eneo la kulima ni hisabati. Kulinganisha tuta lililotiwa samadi na lisilotiwa ni sayansi. Kuandika hesabu ya mavuno, na kujadili yagawanywe vipi, ni uandishi na uraia kwa wakati mmoja. Bila maswali hayo, mtoto anatoka shambani na uchovu tu.

Lililoandikwa mwaka 1967

Waandishi wa historia ya ujamaa huitaja Litowa miongoni mwa mifano hai iliyokuwapo wakati Mwalimu Julius Nyerere alipoandika waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Katika waraka huo alieleza kuwa takriban asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari, na kwamba asilimia 87 waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa.

Alipendekeza kila shule iwe na shamba au karakana, na umri wa kuanza darasa la kwanza upandishwe ili mtoto amalize akiwa na nguvu na akili ya kujitegemea. Alishauri pia uzito wa mitihani upunguzwe.

Jambo ambalo halikumbukwi sana ni kwamba waraka uliwataka wanafunzi washirikishwe katika kupanga kazi na katika kuamua matumizi ya mapato ya shamba lao. Kwa shule za msingi, ulipendekeza watoto wawe sehemu ya maisha ya kijiji, wakihudumia eneo fulani la shamba na kupata sehemu yao ya mavuno.

Septemba 1969

Litowa haikupata muda wa kuona matunda kamili. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kuuvunja umoja wa Ruvuma, na vijiji vikawekwa chini ya uongozi wa chama. Mali za pamoja zilichukuliwa, wageni waliokuwa wakishirikiana na wanakijiji waliondoka, na walimu wa Litowa walihamishiwa sehemu nyingine.

Hivyo, katika miaka ambayo nchi nzima ilikuwa ikihimizwa kufuata Elimu ya Kujitegemea, shule iliyokuwa ikiitekeleza kwa hiari ilipoteza walimu wake.

Jembe lilivyogeuka adhabu

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliofikia kilele mwaka 1977. Mamilioni ya watoto walipata nafasi ya kusoma, na hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, walimu walikuwa wachache, na vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo wakiwa kazini ili kuziba pengo.

Katika mazingira hayo, agizo la kulima lilitoka juu, mazao yaliuzwa bila mwanafunzi kujua fedha zimekwenda wapi, na mtihani wa darasa la saba ukaendelea kuwa mlango wa sekondari. Shamba likabaki bila maswali, na jembe likaingia katika orodha ya adhabu.

Tatizo hilo halikuisha na miaka ya ujamaa. Mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Stadi za Kazi, lakini halikuwa miongoni mwa masomo ya mtihani wa kumaliza darasa la saba. Somo lisilotahiniwa ni rahisi kuporwa vipindi vyake, hasa mtihani unapokaribia.

La kuuliza shuleni

Mzazi wa mjini anaweza kudhani historia hii ni ya vijijini pekee. Sivyo, kwani shule ya mjini yenye uwanja mdogo inaweza kuwa na bustani katika magunia, mizani ya kupimia taka, au duka dogo la madaftari linaloendeshwa na wanafunzi wenyewe.

Tofauti kati ya elimu kwa vitendo na kazi za bure haihitaji mtaalamu kuitambua. Mzazi amuulize mwanawe mambo manne: kazi hiyo ilipangwa na nani, walipima au kuandika nini, mazao au fedha zimekwenda wapi, na mwalimu alikuwapo akifanya kazi nao au alisimama kivulini.

Mtoto akiweza kujibu, amesoma. Akibaki anaonyesha malengelenge ya viganja tu, kamati ya shule inayo ajenda ya kikao kijacho.