Mwanga Mkali na Mwanga Uliodhibitiwa: Taa za Zenoni Zinazojirekebisha na Taa za LED katika Barabara Kuu ya Nyanda za Juu Kusini, 1965–2023

1.0 Utangulizi

Historia ya barabara kuu inayopita Iringa na Mbeya huelezwa kwa kawaida kwa kutazama lami, madaraja na shehena. Taa za magari hutajwa kwa nadra, ingawa ndizo zinazoamua iwapo usiku utakuwa muda wa safari au muda wa hatari. Makala haya yanalinganisha aina mbili za taa za mbele zilizoingia katika barabara hiyo kwa kufuatana: taa za zenoni zinazojirekebisha na taa za LED. Hoja yake ni kwamba ubora wa taa katika Nyanda za Juu Kusini haukutokana na wingi wa mwanga peke yake, bali na uwezo wa kuuelekeza mwanga huo mahali panapostahili. Teknolojia zote mbili zilibuniwa zikiwa na uwezo huo. Katika mazingira ya magari yaliyotumika na vipuri vya bei nafuu, mwanga ulibaki lakini udhibiti wake mara nyingi ukapotea.

Jiografia ya eneo ndiyo inayoipa hoja hiyo uzito. Kutoka Ruaha Mbuyuni barabara hupanda mlima wa Kitonga kwa kona kali, ikapita Ipogolo chini ya mji wa Iringa, ikaingia kwenye baridi na ukungu wa Mafinga na Makambako. Kisha huteremkia bonde la Usangu penye mistari mirefu iliyonyooka, na hatimaye hupanda tena kuelekea Uyole na Mbeya. Ndani ya safari moja ya usiku dereva huhitaji mwanga unaofuata kona, mwanga wa chini usiorudi machoni katika ukungu, na mwanga wa mbali usiomwumiza anayekuja mbele yake.

2.0 Barabara ya Usiku Kabla ya Zenoni, 1965–1990

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyotegemea njia za kusini kwa biashara yake, ililazimika kugeukia bandari ya Dar es Salaam. Malori yalibeba mafuta kwenda Zambia na kurudi na shaba, yakipita Iringa na Mbeya katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Vumbi la kiangazi na matope ya masika yaliifanya ifananishwe na jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikafuata katikati ya mwongo huo. Hata hivyo, malori hayakuacha kutumia barabara hiyo.

Taa za magari ya kipindi hicho zilikuwa hafifu kwa vipimo vya sasa. Nyingi zilikuwa za duara na za kipande kimoja, ambamo lenzi, kioo cha kuakisi na waya unaowaka vilifungwa pamoja. Muundo huo ulienea kutoka Marekani tangu mwaka 1940. Waya ulipokatika, taa nzima ilibadilishwa, na kwa hiyo kioo na lenzi vilifanywa upya pamoja nao. Balbu za halojeni zilianza kutumika katika magari ya Ulaya mwaka 1962, na aina ya H4 yenye nyaya mbili, moja ya mwanga wa juu na nyingine ya mwanga wa chini, ilifuata mwaka 1971. Nuru hiyo ilikuwa ndogo, lakini mpaka wake ulijulikana: umbo la taa lenyewe liliamua mwanga uishie wapi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa katika mazingira hayo, miaka 18 kabla ya taa ya zenoni kuwekwa katika gari la kuuzwa kwa umma.

3.0 Kuingia kwa Zenoni Inayojirekebisha

Taa ya zenoni ilionekana kwa mara ya kwanza katika gari la BMW la mfululizo wa 7 mwaka 1991. Haina waya unaowaka. Umeme wa volti nyingi hurushwa kati ya ncha mbili ndani ya kibonge chenye gesi, kisha balasti huudhibiti ili mwanga usiyumbe. Kibonge cha aina ya D2S hutumia wati 35 na kutoa takriban lumeni 3,200, ilhali balbu ya halojeni ya H7 hutumia wati 55 na kutoa takriban lumeni 1,500.

Watengenezaji walitambua mapema kwamba mwanga wa kiasi hicho ungeweza kuwa silaha. Kwa sababu hiyo, kanuni za kimataifa zinazofuatwa Ulaya zilitaka taa yenye chanzo cha mwanga kinachozidi lumeni 2,000 iwe na mfumo wa kujisawazisha kimo na kifaa cha kuosha lenzi. Hatua iliyofuata ilikuwa kuifanya taa igeuke pamoja na usukani. Vihisi husoma pembe ya usukani na mwendo wa gari, kisha mota ndogo huizungusha taa kuelekea ndani ya kona. Baadhi ya matoleo ya Toyota Harrier ya kizazi cha pili, yaliyoanza kuuzwa mwaka 2003, yalikuwa na mfumo huo.

Harrier na magari mengine ya Japani yalifika Tanzania kwa wingi yakiwa yametumika. Kwa jambo moja yalifaa tangu mwanzo. Japani na Tanzania zote huendesha upande wa kushoto, hivyo mwanga wa chini wa magari hayo huinuka upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara, na si machoni pa dereva anayekuja. Gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia hufanya kinyume chake.

Udhaifu wa mfumo ulikuwa chini ya gari. Usawazishaji hutegemea kihisi kilichounganishwa na ekseli kwa mkono mwembamba, sehemu isiyovumilia matuta, mawe na matope. Mkono huo ukivunjika, taa huendelea kuwaka, lakini gari haliwezi tena kutambua kwamba mzigo wa nyuma umeinua pua yake. Dereva huona njia vizuri kama jana; anayepofushwa ni mwingine.

4.0 Kuingia kwa LED

Mwaka 2007 Lexus LS 600h ilipewa mwanga wa chini wa LED. Mwaka 2013 Audi A8 ilileta taa iliyogawanywa katika LED 25 kwa kila upande, ambamo kamera hutambua gari linalokuja na sehemu husika ya mwanga huzimwa bila mota. Kwa muundo huo, LED iliipita zenoni katika kazi ileile ya kujirekebisha.

Hata hivyo, LED iliyoenea zaidi mitaani Mbeya na Iringa si hiyo. Ni balbu inayouzwa katika maduka ya vipuri na kupachikwa mahali pa balbu ya halojeni. Kioo cha taa ya halojeni kilipimwa kwa kufuata mahali waya unapokaa. Vipande vya LED vimebandikwa kwenye bamba, na chanzo chake cha mwanga hakilingani kikamilifu na waya huo. Matokeo yake, sehemu ya mwanga hupanda juu ya mpaka wake. Mwenye gari hulipia mwanga zaidi, na kweli huupata karibu na boneti, bila kuona mbali zaidi.

5.0 Ulinganisho katika Mazingira ya Nyanda za Juu

Katika kona za Kitonga, zenoni inayogeuka huizidi LED isiyojirekebisha, kwa sababu huangaza ukingo ambao gari linauendea. LED yenye kamera inaweza kuzizidi zote mbili, hasa pale malori yanapokutana na magari madogo bila kukoma.

Katika ukungu wa Mafinga, wingi wa lumeni haumsaidii dereva. Matone ya ukungu hutawanya rangi zote za mwanga karibu kwa kiasi kimoja, na mwanga wa juu hurudi kama ukuta mweupe. Kinachofaa ni mwanga mpana ulio chini, pamoja na mwendo mdogo. Hapo LED ina upungufu mwingine: joto lake huelekezwa nyuma ya taa, na lenzi hubaki baridi. Umande ambao joto la halojeni lingeukausha unaweza kukaa juu yake na kuutawanya mwanga.

Katika bonde la Usangu, zote mbili hufika mbali vya kutosha. Tofauti hutokea katika matunzo. Zenoni inapozeeka hufifia na kubadilika rangi, lakini kibonge na balasti hubadilishwa kila kimoja peke yake. Taa kamili ya LED hudumu muda mrefu. Inapoharibika, mara nyingi hulazimu kununua taa nzima, na gharama hiyo humrudisha mmiliki kwenye balbu ya bei nafuu.

6.0 Hitimisho

Suala hili lilipata uzito mpya mwaka 2023. Kwa takriban miongo mitatu mabasi ya abiria yalikuwa yamezuiwa kusafiri usiku, na giza la barabara hii likaachiwa zaidi malori na magari binafsi. Mwaka huo serikali iliruhusu mabasi kusafiri saa 24. Abiria wa Mbeya, aliyezoea kuondoka alfajiri, sasa anaweza kukutana na Kitonga usiku wa manane, na usalama wake unategemea pia taa za gari asilolipanda.

Ulinganisho huu unaonesha kwamba zenoni inayojirekebisha na LED kamili zinakaribiana zikiwa nzima, na zote huwa hatari zinapotenganishwa na vidhibiti vyake. Taa hafifu ya mwaka 1970 ilibeba mpaka wa mwanga ndani ya umbo lake. Taa ya leo huubeba katika vihisi, mota na kamera. Kwa hiyo ukaguzi unaoishia kuuliza kama taa inawaka unapima jambo la zamani. Swali linaloifaa barabara ya Iringa na Mbeya ni kama mwanga huo unaishia panapotakiwa, gari likiwa limebeba mzigo wake kamili.