Mwenda Jean Bosco: gitaa moja, sauti mbili

Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka wa 1930. Aliimba Kiswahili na gitaa kavu, bila bendi. Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kilipiga sauti ya juu. Ukisikia, unadhani ni watu wawili, kumbe ni mmoja tu!

Mwaka wa 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta barabarani Jadotville, leo Likasi, akarekodi "Masanga". Sahani zake zilifika mbali. Wapiga gitaa wa Kenya walimwiga, na 1969 alipiga Newport, Marekani. Alikufa 1990 katika ajali ya gari Zambia.

Bila sahani zile, vidole vyake vingesahaulika. Basi wazee wetu wa Masisi na Walikale wenye nyimbo zao, nani anawarekodi?