Ramani

Mwenye kiwanja humpelekea fundi ramani ya nyumba. Anayetafuta mtaa hufungua ramani kwenye simu. Neno ni lilelile, kwa chumba cha kulala na kwa jiji zima.

Asili yake ni Kiajemi: rahnama, yaani kionyesha njia. Waarabu wa baharini walilitamka rahmani, wakaviita hivyo vitabu vyao vya uongozaji vyombo. Humo mlijaa maelezo ya nyota, pepo na bandari. Neno tunalolihusisha na michoro lilianzia kwenye maandishi!

Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwapeleka wanafunzi na wakazi mitaani kuweka nyumba na mifereji ya maeneo ya mafuriko kwenye ramani.

Kule Kilwa Kisiwani, wataalamu wa mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walipima magofu kwa leza, nukta kwa nukta, hadi kuta zikasimama ndani ya kompyuta. Umbo hilo huitwa modeli, na ni sawa, maana mtazamaji huweza kuizunguka. Lakini msanifu akiikata ili apate vipimo vya vyumba, karatasi inayotoka kwenye printa ni ramani.