Picha ya Mgongo Isitangulie Mkono wa Tabibu

Mkwezi wa nazi wa Galu, pwani ya Kenya, aliyeamka kiuno kimekaza haombi kuchunguzwa. Huomba apigwe picha. Ombi lake lina msingi. Tangu 2015, mpango wa serikali ya Kenya wa kukodi vifaa vya tiba ulisambaza mashine za radiolojia katika hospitali za kaunti. Naye anayetakiwa kufanya MRI huvuka kivuko cha Likoni kwenda Mombasa akiamini kuwa mashine ya bei kubwa itaona zaidi. Itaona zaidi, ila si lazima ikione kinachomuumiza.

Mwaka 2015, mtafiti Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti 33 zilizohusu watu 3,110 wasioumwa mgongo kabisa. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikutwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Basi ripoti ya mtu mzima isemayo “diski imechakaa” mara nyingi hueleza umri wake tu. Lakini maneno hayo yakishaandikwa, mkwezi huogopa mnazi, mvuvi huogopa kuvuta jarife, wote wawili wakajilaza. Kujilaza huko ndiko kunakochelewesha kupona.

Uchambuzi wa Chou na wenzake wa 2009, uliojumuisha majaribio sita, haukuona nafuu yoyote ya maana kwa waliopigwa picha mapema bila dalili za hatari. Jaribio la Nottingham, Uingereza, la 2001 linafunza zaidi: waliopigwa eksirei walilalamikia maumivu zaidi baada ya miezi mitatu, hata hivyo baadaye waliridhika zaidi na huduma. Nasoma hapo kiu ya kuchukuliwa kwa uzito. Tabibu anayemnyima mgonjwa picha, kisha akamwandikia dawa bila hata kumgusa mgongo, hajamtendea haki.

Kumgusa na kumhoji ndiko kunakowatambua wachache wanaohitaji picha kweli. Aliyeanguka kutoka mnazini apigwe picha mara moja. Aliyekufa ganzi sehemu za siri au asiyeweza kukojoa ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mwenye homa, jasho la usiku na mwili unaokonda huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Na hapa eksirei ya kawaida yaweza kuhadaa, kwa kuwa mfupa huonyesha dalili ukiwa tayari umeshaliwa sana. Picha safi iliyopigwa bila maswali humrudisha huyu nyumbani na ugonjwa wake. Aliyewahi kuugua saratani naye asisubirishwe.

Waliobaki, ambao ndio wengi, waambiwe waziwazi kwamba maumivu kwa kawaida hupungua sana ndani ya wiki sita, waendelee kutembea, warudi kazini kidogo kidogo, na wapewe siku ya kurudi kuonwa. Fomu ya kuombea picha nayo imtake tabibu aandike anachokitafuta, na matokeo yatabadilisha nini katika tiba. Asipoweza kujaza sehemu hiyo, fomu isipelekwe.