Deni la Siku Mia

Hebu tuhesabu. Mwai Kibaki aliapishwa kuwa rais wa tatu wa Kenya mnamo Desemba 30, 2002. Ukianza kuhesabu kesho yake, siku ya mia inaangukia Jumatano, Aprili 9, 2003. Siku hiyo macho ya dunia yalikuwa Baghdad, ambako sanamu ya Saddam Hussein ilikuwa ikiangushwa mbele ya kamera. Kenya nayo ilikuwa na lake la kutazama, maana muungano wa NARC ulikuwa umewaahidi wananchi katiba mpya ndani ya siku mia za kwanza. Siku ya mia ikaja, ikapita. Mkutano wa kuijadili rasimu yenyewe, ule wa Bomas, ulikuwa haujafunguliwa. Ulifunguliwa Aprili 28, siku kumi na tisa baada ya deni kuiva.

Kwamba wanasiasa huahidi wasitimize, hilo halina mjadala. Hata mtoto wa darasa la pili anajua. Kinachonishughulisha mimi ni walioahidiwa. Wakenya wa 2003 walikuwa na ahadi mbili mkononi, moja ya wote na moja ya wachache, na ukiwasikiliza walivyolalamika miaka mitatu iliyofuata utashangaa ni ipi iliyoliliwa zaidi.

Kwanza turudi Uhuru Park. Asubuhi ile ya Desemba, Kibaki aliletwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta, kwa sababu alikuwa amepata ajali ya barabarani mwanzoni mwa mwezi, kampeni zikiwa zimepamba moto. Daniel arap Moi, aliyekuwa ametawala miaka 24, alizomewa na umati. Watu walikuwa wamepanda juu ya miti. Waliimba pambio la kanisani, lile la kwamba kwa imani mambo yote yanawezekana, ila neno imani walikuwa wameling'oa na mahali pake wakaweka kuondoka kwa Moi. Kulikuwa pia na Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, wimbo uliokuwa umegeuka wimbo wa kampeni pasipo kutungwa kwa ajili hiyo. Neno lenyewe ni ndoa ya Kidholuo na Kiingereza: mtu asiyetishika. Kibaki akahutubia akiwa kwenye kiti chake, akasema kwamba enzi ya kuendesha serikali kwa matakwa ya mtu mmoja imekwisha na kwamba ufisadi hautakuwa tena desturi ya nchi.

Watu waliamini. Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Katika wiki zile za mwanzo, abiria wa matatu walianza kumkataza kondakta asitoe kitu kidogo kizuizini, na palikuwa na visa vya raia kumkamata askari aliyenyoosha mkono, wakampeleka kituoni wao wenyewe! Uchunguzi wa maoni wa Gallup International ukawataja Wakenya kuwa watu wenye matumaini makubwa kuliko wote duniani. Leo hii habari hiyo husimuliwa kama kichekesho. Mimi huwa sicheki. Abiria anayemwambia kondakta asilipe, na huku anajua gari litacheleweshwa na yeye atafika kazini saa nne, amelipa nauli mbili kwa ajili ya nchi yake.

Na ahadi ya siku mia, ukiitazama vizuri, haikuwa ndoto ya mlevi. Tume iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilikuwa imezunguka nchi nzima ikikusanya maoni, na Septemba 2002 ikatoa rasimu. Mkutano wa wajumbe ulikuwa uanze mwezi uliofuata, Moi akalivunja bunge na kila kitu kikasimama. Kwa hiyo chungu kilikuwa jikoni tayari, maji yanachemka. NARC walichohitaji ni kuondoa kifuniko. Wangeweza kuchelewa miezi miwili mitatu na hakuna ambaye angewashitaki.

Sasa ile ahadi ya pili. Mnamo Oktoba 14, 2002, palepale Uhuru Park, Raila Odinga alimwinua Kibaki kwa maneno mawili ambayo kila Mkenya wa rika fulani anayakumbuka: Kibaki tosha. Siku chache baadaye vyama vya upande wa Kibaki na LDP ya akina Raila vilitia sahihi hati ya maelewano, ile iliyokuja kuitwa MoU na kila mtu, mpaka bibi asiyejua herufi hizo zasimamia nini. Humo waligawana serikali nusu kwa nusu. Raila angekuwa waziri mkuu. Cheo hicho hakikuwemo katika katiba ya wakati ule. Kingeletwa na katiba mpya.

Hapo ndipo penye fundo. Ahadi ya wote na ahadi ya wachache zilishonwa kwa uzi mmoja. Kuwapa wananchi katiba yao kulimaanisha kumpa Raila kiti chake, na kumnyima Raila kiti kulitaka katiba izuiliwe. Baraza la mawaziri lilipotangazwa Januari 2003, LDP walihesabu viti na kuona nusu yao haikutimia. Upande wa pili ukajibu kwamba MoU haikuwa sheria, ilikuwa karatasi tu. Ni kweli haikuwa sheria. Lakini nao waliopiga kura kwa ajili ya katiba ya siku mia hawakuwa na karatasi yoyote mkononi.

Wajumbe 629 waliketi Bomas kwa awamu, wakitoka na kurudi. Septemba 2003 Profesa Odhiambo Mbai, aliyekuwa akiongoza kamati ya ugatuzi mkutanoni, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Nairobi. Machi 2004 wajumbe wakapitisha rasimu iliyompa waziri mkuu nguvu nyingi, na upande wa serikali ukatoka ukumbini. Ikatajwa tarehe nyingine ya kukamilisha katiba, Juni 2004, nayo ikapita kama ile ya kwanza.

Wafuasi je? Ndiyo nilitaka kufika hapo.

Yule abiria aliyekuwa akimkataza kondakta hakuandamana siku ya mia. Alinyamaza, na pengine akaanza kutazama dirishani noti inapopita. Lakini wengine walisema sana, na wengi walianza kusema kulingana na anayetoka kwao. Kwa mpenzi wa Kibaki, hasa kule Mlima Kenya, neno lilikuwa mpeni mzee muda. Nchi imeharibiwa miaka 24, mnataka itengenezwe kwa siku mia? Katiba yaliwa? Na mgala muue na haki umpe: walikuwa na la kuonyesha. Januari 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa kama ilivyoahidiwa na watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nyumbani wakajaa madarasani, wengine wakikaa sakafuni. Mzee Kimani Maruge naye alijiandikisha darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, amevaa kaptura na soksi za shule. Uchumi ukaanza kupanda mpaka kufikia asilimia 7 mwaka 2007. Ahadi iliyotimizwa ilitumiwa kufunika iliyovunjwa, kama mtu anayekudai elfu tano ukamwonyesha jinsi ulivyomlipa jirani yake.

Kwa mpenzi wa Raila, neno lilikuwa usaliti. Asante ya punda ni mateke. Nani alisema tosha? Nani alizunguka nchi nzima akimnadi mgombea aliyekuwa amelazwa hospitalini? Uchungu huo ulikuwa halali kabisa. Waluo wa Nyanza walikuwa wamempigia Kibaki kura kwa wingi mkubwa, na tukumbuke kwamba 2002 wagombea wawili wakuu, Kibaki na Uhuru Kenyatta, wote walikuwa Wakikuyu, kwa hiyo kura haikuweza kuhesabiwa kwa kabila peke yake. Ndiyo maana Kibaki alipata asilimia 62. Lakini sikiliza malalamiko yalivyobadilika. Mwaka 2003 ungesikia "tuliahidiwa katiba". Kufikia 2005 ukisikia zaidi "mtu wetu aliahidiwa". Katiba iligeuka mahari iliyocheleweshwa baina ya familia mbili, na sisi wengine tukawa wageni tunaongoja pilau.

Nadhani hapo ndipo ahadi ya wananchi ilipokufa, na waliosaidia kuizika ni wananchi wenyewe. Walioahidiwa wote wakibaki kitu kimoja, mwahidi hana pa kujificha. Wakigawanyika, kila mwanasiasa anapata ukuta wa watu wa kwao wa kuegemea, nao watamtetea kwa kitu ambacho wao wenyewe walikuwa wakikidai mwaka uliotangulia. Nimesoma watetezi wa Kibaki wakieleza kwamba rais mwenye nguvu ni jambo jema kwa nchi changa, na hao ndio waliokuwa wakikimbizwa na polisi wa Moi wakipinga jambo lilo hilo. Upande wa pili walikuwemo wanasiasa waliokaa KANU mpaka dakika za mwisho, sasa wamegeuka walinzi wa rasimu ya Bomas. Wafuasi wa pande zote mbili walilijua hili. Walicheka, wakapiga makofi.

Katikati ya hayo kulikuwa na mtu mmoja aliyefanya kinyume. John Githongo, katibu wa kudumu aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi, aligundua kwamba wenzake serikalini walihusika katika mikataba hewa ya Anglo Leasing, akajiuzulu Februari 2005 akiwa Uingereza. Michela Wrong ameandika kisa chake katika It's Our Turn to Eat, kitabu kilichotoka 2009, na ambacho wauza vitabu wengi wa Nairobi waliogopa kukiweka rafuni. Kukiweka rafuni tu! Jina la kitabu lasema kwamba ni zamu yetu kula. Wapo waliomwona Githongo msaliti wa kabila lake, yaani msaliti ni yule aliyekumbuka alichoahidi. Mwandishi wa tamthilia angeambiwa ametia chumvi.

Novemba 21, 2005 ilifika kura ya maoni. Rasimu iliyoletwa ilikuwa imefanyiwa ukarabati baada ya Bomas, rais akarudishiwa nguvu zake na waziri mkuu akawa mtu wa kuteuliwa naye. Tume ya uchaguzi ikatoa alama mbili, ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa la. Matunda yakaisha heshima sokoni. Ukinunua machungwa ulikuwa umetangaza msimamo. La wakashinda kwa asilimia 58 dhidi ya 42, wakichukua mikoa saba kati ya minane, na siku mbili baadaye Kibaki akalifuta baraza lote la mawaziri. Chungwa likazaa chama. Wengi walisherehekea kwamba serikali imeadhibiwa kwa kuvunja ahadi, nami sikatai, adhabu ilikuwa adhabu. Ila asubuhi yake Kenya iliamka na katiba ileile ya Moi, mikoa saba inashangilia na mmoja umenuna, na kila mtu anajua mkoa ulionuna ni wa akina nani.

Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa urefu, na hata yakihitaji mimi sina moyo wa kuyasimulia. Desemba 27, 2007 watu walipiga kura. Desemba 30, miaka mitano kamili tangu ile asubuhi ya miti iliyojaa watu, Kibaki aliapishwa tena, safari hii jioni, giza linaingia, ndani ya viwanja vya Ikulu, hakuna umati. Watu zaidi ya 1,100 wakauawa katika wiki zilizofuata na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Kofi Annan akaja. Mapatano yakatiwa sahihi Februari 28, 2008 na Aprili Raila akaapishwa kuwa waziri mkuu. Serikali ikagawanywa nusu kwa nusu. Ukiichukua ile karatasi ya Oktoba 2002 iliyosemwa si sheria, ukaiweka kando ya mapatano haya, utaona deni la wachache lililipwa karibu lote, na waliolilipa hawakuwa wamelikopa.

Deni la wote lilibaki. Lilikuja kulipwa Agosti 27, 2010, katiba mpya ilipotiwa sahihi mbele ya watu palepale Uhuru Park, na aliyeshika kalamu alikuwa Kibaki yuleyule, sasa hana plasta wala kiti cha magurudumu. Humo ndani hakuna cheo cha waziri mkuu. Nimehesabu tena, kwa njia ileile niliyoanza nayo. Ilikuwa siku ya 2,797.